Naunganisha kifaru cha chuma cha 1/6 kwa mara ya kwanza, bodi imekataa kukaa sawa (uzi wa maendeleo)

Mwanzo_Mgumu

Wakuu, salaam. Miezi kadhaa nimekuwa msomaji tu humu. Leo nimeona nifungue uzi wangu kabla sijaharibu zaidi.

Mimi nimetoka kwenye modeli za plastiki za 1/35. Zile unakata kwa kisu, unapaka gundi, jioni kitu kimesimama. Sasa nimejitosa kwenye chuma: modeli ya kifaru cha vita cha Kimarekani, Sherman M4A3, ya 1/6. Kwa wasioijua skeli hii, kila kipimo cha kifaru halisi kinagawanywa kwa 6. Sherman yenyewe ina urefu wa karibu mita 5.9 na upana wa mita 2.62, kwa hiyo hii yangu itakuwa sentimita 98 kwa 44. Kabati la vitabu lisahau.

Masanduku yalikuja manne. La kwanza nilidhani nalimudu peke yangu, mgongo ukanijibu. Ndani kuna mabati ya alumini yaliyokatwa kwa mashine, magurudumu 12 ya chuma, springi, beringi, mota mbili za volti 24, na mifuko ya bolti za M2, M3 na M4 (namba ni unene wa bolti kwa milimita) ambayo ukiimwaga yote kwa pamoja umekwisha. Mchoro una kurasa nyingi na maneno machache.

Nimeshaunga bodi ya chini: ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto, sakafu, ukuta wa nyuma na vipande vitatu vya kukatiza katikati. Kila bolti nimeipaka gundi ya bolti ili isilegee baadaye. Nikafunga bogi zote sita (vishikio vyenye springi, kila kimoja na magurudumu mawili), tatu kila upande, nikakishusha kifaru mezani nikiwa natabasamu.

Magurudumu 10 yamegusa meza. Mawili ya mbele kulia yanaelea. Kadi ya benki inapita chini yake bila kugusa kitu. Nikibonyeza kona hiyo inashuka, halafu kona ya nyuma kushoto inanyanyuka, kama meza yenye mguu mfupi.

Je, hizi ni springi tu hazijalemewa bado, au nimeharibu bodi? Naombeni msaada, na msinionee haya.

MkonoMzito

Springi hizo mkuu. Subiri uweke tareti (kile kichwa chenye mzinga) na betri, uzito utazikalisha. Ikigoma, tia washa mbili (vile visahani vya bolti) chini ya bogi ya mbele, maisha yaendelee.

MzeeWaVipimo

Washa hapana. Mwenye uzi, usiguse kitu kwanza. Nijibu matatu. Meza yako imenyooka kweli au unaiamini tu? Ulipima bodi kona kwa kona? Na gundi uliyopaka ni ya rangi gani?

BoltiMoja

Aanze na la rangi ya gundi 😂

Mwanzo_Mgumu

Shikamoo mzee. Meza ni ya mbao, ya kawaida. Kona kwa kona sikupima. Gundi ni nyekundu.

BoltiMoja

Jamani tumwombee mwenzetu.

MzeeWaVipimo

Marahaba. Usimsikilize huyo, nyekundu inafunguka, ila utaitolea jasho. Ya bluu ungeifungua kwa spana ya mkono basi. Nyekundu inataka moto wa nyuzijoto kama 250 ndipo ilegee. Hilo tuliweke pembeni kwanza, tujue ugonjwa.

Bodi inaweza kukosea kwa namna mbili, na wengi wanazichanganya. Ya kwanza ni kwenda upande: ukiitazama kutoka juu si mstatili tena, imelala kama kiberiti kilichosukumwa. Hiyo unaikamata kwa kupima kona kwa kona, mistari miwili ya mshazari lazima ilingane. Ya pili ni kujinyonga: ukiitazama kutoka juu ni mstatili safi, vipimo vyote vinalingana, lakini kona moja iko juu ya wenzake. Tepu haitakuonyesha hiyo hata upime mpaka asubuhi.

Fanya hivi. Toa bogi zote. Tafuta fimbo mbili za chuma zilizonyooka, ndefu kuliko upana wa bodi. Moja ilaze kukatiza mbavu mbili kwa mbele, nyingine kwa nyuma. Rudi nyuma hatua mbili, inama mpaka jicho liwe sawa na fimbo ya karibu, kisha tazama ile ya mbali. Zikiwa sambamba, bodi haina tatizo na MkonoMzito ameshinda. Moja ikichungulia upande mmoja juu ya mwenzake, bodi imejinyonga. Maseremala wanapima mbao hivyo tangu zamani, wala huhitaji kifaa cha kununua.

MkonoMzito

Mzee nakuheshimu, lakini hiki si kinu cha umeme. Ni modeli. Milimita moja na nusu nani ataiona?

MzeeWaVipimo

Hakuna atakayeiona, mnyororo ndio utakaoihisi. Kwenye Sherman sproketi (gurudumu la meno linalovuta mnyororo) iko mbele, gurudumu la kukazia mnyororo liko nyuma, na yote mawili yanashikiliwa na bodi hiyo hiyo. Ukitia washa kwenye bogi, magurudumu yatakaa chini vizuri, sproketi itabaki imeinama vile vile. Utakiendesha mita tano mnyororo unatoka. Utakaza, utatoka tena. Mwisho utaanza kumlaumu aliyetengeneza seti.

Mwanzo_Mgumu

Nimerudi. Kona kwa kona: tofauti ni nusu milimita tu, nikafurahi. Nikaweka fimbo. Wakuu, sikuhitaji hata kuinama vizuri. Ya mbele imeinuka kulia kama mtu aliyenyoosha kidole darasani.

Nikachukua tochi nikamulika kila kiungo kwa ndani. Kwenye kipande cha kukatiza cha mbele, pale kinapokutana na ubavu wa kulia, kuna mwanga unapita. Ufa mwembamba kama unywele. Nimeingiza fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi), ya milimita 0.3 inaingia mpaka nusu, upande wa pili haiingii kabisa. Sijui ni nini kimekaa mle ndani.

Tupa_na_Chaki

Hizo ni ndevu mkuu. Mashine ikikata alumini inaacha ukingo mdogo uliojikunja, hauonekani lakini ukipitisha kucha unaudaka. Ukifunga bolti juu ya ndevu, bati linakaa juu yake badala ya kukaa juu ya mwenzake. Sehemu tatu za kumi za milimita pale kwenye kiungo, ukizifuata mpaka mwisho wa bodi ya karibu mita moja, ndiyo hiyo kadi yako ya benki.

Kila bati linalotoka kwenye sanduku lipitishe tupa kingo zote kabla hujalifunga popote. Tupa laini, siyo ile ya kunolea jembe. Na ipake chaki kwanza, chaki ya kawaida ya ubaoni. Alumini ina tabia ya kung'ang'ania kwenye meno ya tupa, na kipande kimoja kikishanasa kitakuchorea bati mfereji. Chaki inakizuia. Ukiona tupa inateleza bila kula, isugue kwa brashi ya waya, paka chaki tena. Matundu nayo: chukua ncha ya drili kubwa kuliko tundu, izungushe kwa mkono mara mbili mdomoni mwa tundu. Kwa mkono, usiiweke kwenye drili.

Mimi sanduku zima lilinichukua siku nne za tupa tu. Mikono ilikuwa myeusi wiki nzima.

Mwanzo_Mgumu

Kwa hiyo inabidi nifungue. Bolti 14 za gundi nyekundu.

MzeeWaVipimo

Inabidi. Usitumie moto wa wazi. Chukua soldaringi, ile ya fundi redio, yenye ncha pana. Gusa kichwa cha bolti, shikilia dakika moja au zaidi, alumini inanyonya joto haraka kwa hiyo uwe na subira. Kisha fungua papo hapo kabla haijapoa. Ikikataa usilazimishe, rudisha joto. Spana ya L iwe mpya na iingie mpaka chini kabisa ya kichwa. Na fungua dirisha, ule moshi wa gundi si wa kuvuta.

Jicho_la_Tatu

Naweka kambi hapa. Nina seti kama hiyo chini ya kitanda mwaka wa pili naiogopa.

Mwanzo_Mgumu

Taarifa ya jana usiku.

Bolti ya kwanza nilishikilia joto mpaka nikahisi harufu tamu tamu ya kuungua, nikageuza, haikutikisika. Nikarudisha joto. Mara ya pili ilitoa mlio mdogo, "tk", kama kuvunja kijiti cha kiberiti, kisha ikazunguka laini kabisa. Sijawahi kufurahia mlio kama ule. Kumi na mbili zilitoka hivyo hivyo, kila moja na "tk" yake.

Ya 13 nilikuwa nimechoka, nikaingiza spana nusunusu. Kichwa kikala, kikawa duara. Hiyo niliikata mfereji juu kwa msumeno wa chuma nikaitoa kwa bisibisi bapa.

Ya 14 ilitoka kirahisi mno, nikajua kuna jambo. Nikaitazama: imetoka na kizungusho cha alumini kimejiviringisha kwenye meno yake, kama springi ndogo inayong'aa. Uzi wa tundu, yale meno ya ndani, umekufa.

BoltiMoja

Uzi umekufa? Mbona tunachangia bado?

Mwanzo_Mgumu

Uzi wa TUNDU mkuu. Huu wa humu uko hai, mwenye uzi ndiye yuko mahututi.

Tupa_na_Chaki

Tundu la M3 au M4? Na bati ni nene kiasi gani hapo?

Mwanzo_Mgumu

M3. Bati la ubavu ni milimita 6. Nimepiga hesabu, ubavu wa Sherman halisi ni milimita 38 za deraya, ukigawanya kwa 6 unapata 6.3. Wamejitahidi kufuata.

Tupa_na_Chaki

Milimita 6 zinakutosha kabisa. Kwenye alumini unataka bolti izame angalau mara moja na nusu ya unene wake, kwa M3 ni 4.5, ukiwa na mara mbili ndiyo raha. Una njia mbili. Ya haraka: panua uende M4, toboa 3.3, piga tapu (chombo cha kukata uzi ndani ya tundu) ya M4 ya kawaida. Ila kichwa cha bolti kitakuwa kikubwa kuliko wenzake na jicho litakienda kila siku. Ya pili ni kuweka uzi wa kupandikiza, ile springi ya chuma cha pua. Inakuja na tapu yake maalumu, unapanua tundu, unapiga tapu hiyo, unaiskurubu springi ndani, unavunja kile kimkia chake, unabaki na tundu la M3 lenye nguvu kuliko lile la kiwandani.

Kwa vyovyote, tapu kwenye alumini usiipige kavu. Tone la mafuta ya taa linatosha. Nusu mzunguko mbele, robo nyuma, ili kile kizungusho cha alumini kikatike. Ukisikia inakuwa nzito simama, itoe, isafishe. Tapu ikikatikia ndani utakumbuka gundi nyekundu kwa mapenzi.

MkonoMzito

Haya nimeelewa, narudisha washa zangu mfukoni. Ila ukweli, mngemwambia aanze na 1/16. Ni nyepesi na makosa yake ni madogo.

Jicho_la_Tatu

Kwani hii ya 1/6 ikiisha itakuwa na kilo ngapi?

MzeeWaVipimo

Hesabu yake inawapoteza wengi. Urefu, upana na kimo vyote vinagawanywa kwa 6, kwa hiyo uzito unagawanywa kwa 6 mara 6 mara 6, yaani 216. Sherman ni takriban tani 30, ukigawanya unapata kama kilo 139. Lakini modeli haifiki huko. Haina injini ya silinda 8 ndani, haina makombora, na sehemu kubwa ni alumini, ambayo ni karibu theluthi moja tu ya uzito wa chuma. Hata hivyo fikiria mapema utakiunganishia chumba gani na kitapita mlango gani. Sisemi zaidi, waliokwama mlangoni humu wanajijua.

Kuhusu 1/16, sikubaliani. Chuma ni chuma. Katika 1/16 bolti ni ndogo, tundu dogo, na mkono wa mwanafunzi ni ule ule mkubwa. Hapa angalau anaona anachokosea.

Mwanzo_Mgumu

Wakuu, samahani kwa kimya. Wiki mbili nimekula tupa na chaki.

Nimepandikiza ule uzi, ulikaa vizuri mara ya kwanza. Kingo zote nimezipitia. Zile ndevu zilizoleta balaa nilizikuta: ukingo mmoja wenye urefu wa kidole, ukipitisha kucha unakwaruza. Mipigo sita ya tupa ikaisha. Mipigo sita, wakuu.

Safari hii nimeunga juu ya kioo kinene, siyo mezani. Bolti zote nimeziingiza kwa vidole tu, bila gundi. Nikaigongagonga bodi kwa kiganja mpaka ikakaa kwenye kioo, nikaweka fimbo za mzee, sambamba. Nikakaza kidogo kidogo kwa mshazari, moja mbele kulia, inayofuata nyuma kushoto, kama unavyokaza gurudumu la gari. Nikapima tena. Ndipo nikatoa bolti moja, tone la gundi ya BLUU, nikairudisha, nikakaza, nikaenda ya pili. Moja moja, ili nyingine 13 zishikilie umbo.

Halafu bogi. Nilikata vipande 12 vya karatasi, nikaweka kimoja chini ya kila gurudumu, nikavuta kimoja kimoja. Vyote vimeshikwa. Cha mbele kulia nilikivuta mpaka kikachanika, nusu yake ikabaki chini ya gurudumu. Nimekiacha pale pale.

MzeeWaVipimo

Safi kijana.

Jicho_la_Tatu

Nimetoa sanduku chini ya kitanda.

Mwanzo_Mgumu

Sasa minyororo. Nilidhani sehemu ngumu imekwisha. Sherman ina pingili 79 kila upande, jumla 158. Kila pingili ina pini mbili, na pingili inaungana na mwenzake kwa viungio vya pembeni, kimoja kila ncha, kila kiungio na kabari yake. Seti yangu inafuata mpangilio huo huo. Pini 316, viungio 316, kabari 316. Nimezihesabu kwa sababu sikuamini.

Je, nitoe ndevu kwenye kila kimoja kweli?

Tupa_na_Chaki

Kila kimoja. Hatua ya pingili halisi, kutoka moja hadi nyingine, ni inchi 6, kwa hiyo kwako ni milimita 25.4. Kila kiungo kikizidi hata sehemu moja ya kumi ya milimita kwa sababu ya uchafu, mara 79 unapata karibu milimita 8. Hiyo ni theluthi ya pingili. Upande mmoja utakaza, wa pili utaning'inia, na meno 13 ya sproketi hayatakaa kwenye nafasi zake. Weka trei, weka redio, fanya 20 kwa siku. Usifanye ukiwa na hasira.

BoltiMoja

Na usizifanyie kitandani. Kabari moja ikiingia kwenye shuka utaiona mwakani.

Mwanzo_Mgumu

Na rangi? Nipulize sasa au nimalize minyororo kwanza? Kwenye plastiki nilikuwa napuliza moja kwa moja.

Tupa_na_Chaki

Kwenye alumini tupu ukipuliza moja kwa moja, rangi itabanduka kama ngozi ya nyoka. Alumini ikishakwaruzwa tu inajivika utando mwembamba wenyewe, na rangi inashika utando badala ya chuma. Vunja muungano wote kwanza, ndiyo, wote. Osha mafuta, sugua kwa msasa wa 400, futa kwa thina, kisha koti jembamba la praima ya asidi (rangi ya msingi inayong'ata chuma) siku hiyo hiyo. Usiguse kwa vidole katikati. Barakoa ya gesi, siyo ya kitambaa. Sehemu ambazo bati linagusana na bati ziba kwa tepu, rangi nayo ina unene, hutaki kurudi kwenye kadi ya benki.

Magurudumu na pingili ni chuma, hizo praima ya kawaida inazitosha.

Mwanzo_Mgumu

Nimeandika yote daftarini. Mnyororo wa kushoto umeisha jana, nimeuvika bila mota, nikakisukuma kifaru kwa mkono sakafuni, mita tatu kwenda na tatu kurudi. Haukutoka. Sauti yake ni kama mtu anayemimina misumari taratibu kwenye ndoo. Wa kulia niko pingili ya 31.

BoltiMoja

Hongera mkuu. Bolti za sproketi umepaka gundi gani?

Mwanzo_Mgumu

Bluu.

BoltiMoja

Na ile nyekundu iliyobaki?

Mwanzo_Mgumu

Nimempa jirani, anafunga geti.